Kaswera Mpima Mikono

Wivu wa Kaswera haukuanza na kishoka, tusidanganyane. Mwanamke huyu aliwahi kumwonea wivu mbuzi, kwa sababu mume wake alimwita yule mbuzi "kipenzi" alipokuwa akimfunga kamba. Aliwahi kutoka kanisani kabla ya komunyo, eti mwimbaji mmoja wa kwaya amekohoa huku akimtazama Julien, mumewe. Watu wa Majengo, mtaa wao wa Goma, walishamzoea. "Mama Jeancy ameamuka nayo," walisema, wakaendelea na shughuli zao. Jeancy ni binti yao aliyeolewa Beni, na mke na mume bado waliitana kwa jina lake, Mama Jeancy na Papa Jeancy, ingawa binti mwenyewe sasa ni mama wa watu.

Lakini wivu wa kishoka ulikuwa wa namna nyingine. Ule wa mbuzi uliishia mdomoni. Huu ulishuka tumboni ukatandika kitanda, kwa sababu safari hii Kaswera alikuwa na ushahidi, tena ushahidi wa kupimika kwa kamba.

Ilianzia soko la Virunga, mbele ya lundo la vyuma vikuukuu la Munguakonkwa, mtu wa Bukavu mwenye maneno mengi. Julien alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayoshusha viazi na makala mjini, kwa hiyo kumwona ameinama juu ya vyuma halikuwa jambo la kushangaza. Kaswera alikuja kununua chumvi tu. Julien alikuwa ametenga vishoka vitatu visivyo na mpini, akivigeuza kimoja baada ya kingine, uso umekunjamana.

"Mama Jeancy, wewe ungekamata gani?"

Swali hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka kuonyesha. Baba yake alikuwa mpasua mbao huko Butembo, na chuma alikijua kabla hajajua kusali. Akachuchumaa. Cha kwanza alikisukuma kando kwa kidole. "Hii ni ya fabriki, ya mashine. Inangaa ju ya rangi tu." Cha pili akakining'iniza kwa uzi, akakigonga kwa kijiwe, kikatoa mlio mfupi uliokufa papo hapo. "Hii iko na ufa. Ndani kule, huwezi kuuona." Cha tatu kilikuwa kimevaa kutu mpaka masikioni, lakini chini ya kutu mashavu yake yalikuwa na mabonde madogo ya nyundo, kati kinene, kuelekea makali chembamba, na nyuma yake msuka mrefu wa kupenya kwenye mpini. Akakigonga. Kikalia, kikaendelea kulia, hata muuza nyanya wa pembeni akageuza kichwa.

"Hii ilifuliwa na mutu," alisema. "Kamata hii."

"Mama huyu akifungua duka, mimi ninarudia Bukavu," Munguakonkwa akasema.

Yote hayo Kaswera aliyafanya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mahali pake, chini ya kitenge.

Mkono huo haukutajwa nyumbani. Mwaka ule volkano ilipotema moto na mji mzima ukakimbilia Sake, Kaswera alianguka kutoka juu ya lori karibu na ziwa la Lac Vert. Kabla hajapatikana mtu wa kuupanga mfupa, mfupa ukajiunga wenyewe, ukajiunga vibaya. Kuanzia kiwiko mkono ulipinda na kufupika, vidole vikabaki na nguvu ya kushika kikombe, si zaidi. Zamani alikuwa akipasua vibanzi vya kuwashia moto, na hakuna jiko la Majengo lililowashwa asubuhi bila kibanzi cha Kaswera, maana vyake vilikuwa vyembamba, vikavu, vya urefu mmoja. Baada ya ajali alijaribu kupasua kwa kushoto, nusura ajikate goti. Akaacha. Akawa anauza makala yaliyochomwa na watu wengine. Julien alijaribu mara moja kuuzungumzia mkono huo, wakati wa Kwaresima, na akalala akitazamwa na mgongo wa mke wake mpaka Pasaka. Tangu hapo alinyamaza. Kaswera aliufunga mkono ndani ya kitenge kila asubuhi, na mwisho alisahau kabisa kuuhesabu.

Siku za mwanzo, kazi ya kishoka ilimfurahisha. Julien alikilaza ndani ya maji ya majivu na ndimu, akakisugua kwa kipande cha tofali, kutu ikatoka nyekundu na kuchafua ua mzima, wala Kaswera hakugomba. Alipenda kwamba mume wake hakuyafuta mabonde ya nyundo. Fundi mjinga angelainisha kila mahali mpaka kishoka kifanane na kijiko. Julien alikuja na tawi la mpera, akalichonga, akaliacha na kichwa kinene, kisha akautia msuka kwenye moto ili utoboe mpini wenyewe kwa joto lake. Kabla ya hapo alichomeka upande wa makali ndani ya kipande cha mgomba mbichi, ili moto usifike kule. Hapo Kaswera alitikisa kichwa kukubali. Baba yake alikuwa akisema kwamba chuma kilichokwisha kunywa maji kwa mhunzi hakipaswi kurudi motoni: kikirudi, kinasahau ugumu wake.

Ndipo Julien akaanza kunoa, na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Kwanza alitumia jiwe jeusi la volkano, ambalo Goma huombi kwa mtu. Kisha akatoa kinoo laini, jiwe la mtoni aliloletewa na dereva mmoja kutoka Kalengera. Akalimwagia maji, akakizungusha kishoka polepole, akakipangusa, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akazungusha tena. Na alikuwa anaimba! Kwa sauti ya chini, ya puani, lakini anaimba. Julien, ambaye kanisani hufungua kinywa kwenye "Amina" peke yake. Kaswera alisimama mlangoni na sahani mkononi akamtazama mume wake akikifuta kile chuma kwa kitambaa, akiupaka mpini mawese, akiugeuza kwenye mwanga. Lini mara ya mwisho yeye, Kaswera, alipotazamwa hivyo? Alijaribu kukumbuka, akaona uchungu, akaingia ndani.

Julien alipotoka kwenda kazini, akakichukua kishoka. Kilikuwa chepesi, kitamu mkononi. Kila anayeshika shoka anajua kwamba mpini wa kishoka cha mkono mmoja hupimwa kwa mwenyewe, kuanzia kiwiko hadi ngumi, wala haupimwi kwa mtu mwingine. Mkono wa Julien ni mrefu. Mpini huu ungemfia katikati. Basi Kaswera akauweka juu ya mkono wake mwenyewe, ule wa kushoto, kiwiko kikaegemea mwisho wa mpini. Ngumi yake ikapita kichwa cha kishoka kwa upana wa vidole vitatu.

Si wa Julien. Si wake. Ni wa mtu mwenye mkono mfupi kuliko yeye. Mwanamke, basi. Mwanamke mdogo mdogo.

Jioni alimtegea. "Papa Jeancy, hii mupini ni fupi."

"Iko sawa."

"Sawa na nani?"

"Sawa na mwenyewe," Julien akajibu, akatabasamu na sahani yake ya sombe, yale majani ya muhogo, akaendelea kula. Mwanaume wa watu! Angejua tabasamu lile lilivyopokelewa, angelitema pamoja na sombe.

Tangu hapo kila kitu kilijipanga. Kaswera akakumbuka siku moja mchana alipokuwa amelala mkekani, akashtuka akamkuta Julien amechuchumaa karibu yake, na Julien akasema anafukuza nzi. Nzi gani? Mume anayekutazama umelala anakulinganisha na mwingine, hilo halihitaji shule. Akakumbuka pia kwamba mara mbili alimwona akitoka kwa Bibiche. Huyu Bibiche alikuwa mjane, mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwao, mwenye kiuno na charahani, vyote viwili vikifanya kazi vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaswera alijiambia. Na alichagua yeye mwenyewe! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Yeye ndiye aliyegonga chuma, yeye ndiye aliyesema "kamata hii", kama mke anayempelekea mwenzake chakula kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata alipekua koti la Julien la kazi, akakuta kamba ya mgomba yenye mafundo mawili. Akailaza juu ya mpini. Fundo la kwanza mwanzo, fundo la pili mwisho. Ndicho kipimo chenyewe. Akaificha kifuani, akaenda kuuza makala.

Sasa, huwezi kuwashika wanawake wa Majengo mikono na kuwapima bila sababu. Kaswera akatafuta sababu, na ya kwanza iliyomjia ilikuwa uongo mkubwa hivi kwamba yeye mwenyewe alishangaa. Mama mmoja alipokuja kununua makala, Kaswera akamwambia kwamba kuna kamba kutoka Butembo: mkono wako ukilingana nayo kutoka kiwiko hadi ngumi, utazaa mapacha. Mama yule akanyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Hakulingana. Akaenda kumwambia dada yake.

Kufikia mchana mbele ya meza ya makala kulikuwa na msururu. Walikuja wasichana, wakaja wake za watu, akaja bibi mmoja aliyekwisha kuzaa mara nyingi akitaka kujua tu kama angeweza. Kaswera alipima. Huyu mrefu, yule mrefu zaidi, huyu mnene lakini mrefu. Kila mkono uliopita fundo alimpenda mwenye nao kwa dakika nzima, akamwongezea kipande cha makala. Makala yaliisha mapema kuliko siku yoyote ya mwaka, na hakufurahi hata kidogo. Mkono mfupi namna ile haukupatikana. Na Bibiche hakuja.

Mtu asiyetaka kujua kama atazaa mapacha ana la kuficha. Au ni mjane, unaweza kusema, na mapacha wa nini? Lakini huwezi kumwambia hivyo mwanamke mwenye wivu. Atakuuliza wewe unamtetea kwa nini.

Akamfuata kwake. Bibiche alikuwa kwenye charahani, mbele yake kipande cha jinzi, na alipomwona Kaswera akakifunika haraka kwa gazeti. Kaswera aliliona gazeti, akaona na haraka yenyewe.

"Karibu, Mama Jeancy."

"Leta mukono."

"Ya nini?"

"Leta tu."

Bibiche akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi macho, akanyoosha mkono. Kaswera akaibana kamba kwenye kiwiko, akaivuta. Fundo likafika kwenye kifundo cha mkono, mbali na ngumi. Akaivuta tena, akaikaza, akamkunja Bibiche kiwiko, akamkunja na vidole. Fundo likasogea. Halikufika, lakini lilisogea, na kwa mikono mingine yote halikusogea hata hivyo. Wivu ukishashika kipimo, kilichokaribia kimefika.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Bwana yangu anakuya hapa ju ya nini? Mara mbili nilimuona. Sema!"

Uso wa Bibiche ukabadilika. "Muulize yeye," akasema. "Mimi nilimuahidi sitasema."

Ehe! Ameahidi! Kaswera akayapokea maneno hayo kwa mikono miwili, angekuwa nayo. Alimwita Bibiche majina ambayo hayaandikwi, mlango ukiwa wazi na barabara nzima ikisikiliza, na la mwisho lilikuwa kwamba marehemu mume wake alikufa ili apumzike. Hapo Bibiche aliinuka, akashika mlango, akaufunga taratibu. Kaswera alisikia komeo likiingia.

Alirudi nyumbani. Mbabula, jiko lao la bati, ilikuwa inawaka uani kama alivyoiacha, makala mekundu kwa ajili ya maharage ya jioni. Kishoka kilikuwa kimelala juu ya benchi, kimefungwa kitambaa safi. Kitambaa safi! Akakifungua. Makali yalikuwa mazuri mno, uzi mweupe mmoja kutoka ncha hadi ncha, na akachukia kwamba anayaona ni mazuri. Akasukuma sufuria, akakitia kishoka kwenye makala, mpini kwanza.

Mpera unawaka polepole. Mawese aliyopaka Julien ndiyo yaliyoshika, yakapanda na mwali wa manjano, moshi mtamu ukajaa uani. Kisha mpini ukakatika na chuma kikaangukia katikati ya makala. Kaswera alisimama akitazama. Makali yakageuka rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau. Baba yake alimfundisha rangi hizo akiwa bado mtoto: mpaka hapa unaweza kukiokoa. Koleo lilikuwa pale, karibu na mguu wake. Zambarau ikawa buluu, buluu ikafifia ikawa kijivu, na hakukitoa.

Julien alikuta maharage mabichi, mke amekaa kwenye kigoda, na harufu ambayo fundi wa mbao haulizi ni ya nini. Akaenda moja kwa moja kwenye mbabula. Akakitoa chuma kwa koleo, akakiweka juu ya jiwe, akakitazama muda. Kaswera alingoja kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, alikuwa na majibu ya kelele.

Kelele hazikuja, kwa hiyo akazitoa yeye. Akasema yote: kuimba, nzi, mpini mfupi, jinzi chini ya gazeti, ahadi. "Na nilipima, Papa Jeancy! Nilipima bamama ya Majengo yote, ni yeye tu aliyekaribia! Mimi nilikuchagulia chuma ukapelekee mwanamuke mwingine. Usiniambie bongo, usinidanganye. Mimi ni mutoto ya mupasua mbao, ninajua mupini unapimwa namna gani!"

"Kamba iko wapi?" Julien akauliza.

Akaitoa kifuani, akamtupia.

Julien aliiokota. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na tawi lililobaki la mpera, akakaa mbele ya mke wake chini kwenye vumbi, magoti yamegusana na kigoda.

"Leta mukono."

Kaswera akanyoosha wa kushoto kwa kiburi, akaukunja ngumi ili mambo yawe wazi. Kamba ikaishia mbali. "Umeona?" akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya furaha, furaha mbaya ya mtu aliyeshinda. "Si ya kwangu."

"Sikusema ule."

"Mukono gani?"

Julien alikuwa anatazama kitenge, pale kilipovimba juu ya tumbo. Kaswera akafuata macho yake, na kwa muda hakuelewa, kweli kabisa hakuelewa, mtu anatafuta nini pale.

"Ule si mukono," akasema mwishowe, polepole.

"Ndiyo ule nilipimaka. Ulikuwa umelala. Ungeamuka ungenifukuza." Alikuwa ameishika kamba wazi kwa mikono miwili, akingoja. "Bibiche anashona mukanda ya jinzi, ya kufunga kishoka kwa kifundo, ju vidole visikiache ukipasua vibanzi. Nilimuambia asikuambie mpaka kiishe. Nilijua utakataa."

Kaswera akafungua fundo la kitenge kwa kushoto, akautoa mkono wa kulia nje. Ulikuwa mweupe kidogo kuliko mwenzake kwa kukosa jua. Julien akaweka fundo la kwanza chini ya kiwiko, akaifuatisha kamba pale mkono ulipopinda, na fundo la pili likakaa juu ya ngumi yake, barabara, wala halikuhitaji kuvutwa.

Aliulilia mkono ule, akalia na kwa ajili ya mpini, na zaidi ya vyote akalia kwa ajili ya rangi ya buluu, kwa sababu aliiona ikija na akaiacha ije.

"Chuma kimesahau," akasema.

"Tutakipeleka Kalengera kwa muhunzi, akinyweshe maji tena. Mupini nitachonga." Julien alikuwa amekwisha kuanza kuweka alama kwenye tawi. "Kwa Bibiche, utaenda wewe."

Alikwenda kesho yake asubuhi, barabara ikiwa imejaa watu, maana alitukana mbele ya watu. Wanawake walionyoosha mikono yao jana walisimama kumtazama akipita, na wote waliona: kitenge amekifunga kiunoni, mkono uko nje. Mbele ya mlango wa Bibiche alisita. Wivu wa miaka yote hiyo hautoki kwa usiku mmoja, na macho yake yalikuwa tayari yamekwenda kizingitini kuangalia kama hakuna viatu vya Julien. Hapakuwa na viatu. Akaona haya. Akagonga kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa hauna nguvu, ilimbidi agonge mara nyingi.

Komeo likatoka. Bibiche alisimama na uso uliofungwa kuliko mlango.

"Nimeleta mukono," Kaswera akasema. "Upime mukanda."